Pikapu Inayolaza Watu

Wiki iliyopita tulimwacha Mama Tetea ameinama kwenye mlango wa kiti cha nyuma cha pikapu yake, mkono juu ya boksi la vifaranga lisilotoa hata mlio mmoja, na mteja wake kamsimamia kisogoni akisubiri lifunuliwe.

Alilifunua.

Vifaranga wote walikuwa wamekufa. Walikuwa wamelala ubavu, manyoya yao ya manjano makavu na safi, kama waliopitiwa na usingizi wakasahau kuamka.

"Funua na la chini yake," alisema mteja.

Mteja huyu alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke mrefu aliyezoea kuuliza swali akiwa jibu analo tayari. Mama Tetea akafunua. Hali ilikuwa ile ile.

"Hawa umewapa nini, mama?"

"Sijawapa kitu. Wamechanjwa asubuhi tu. Wifi yangu ndiye aliyewachanja."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Lilipokwisha kutoka, yeye mwenyewe akalisikia upya.

Wifi. Dada wa mume wake. Yule aliyemwambia hospitali, mbele za watu, "Kaka yangu ameponzwa na biashara yako." Tangu siku hiyo salamu zao zilikuwa za kupitia ukutani. Na asubuhi hii wifi huyo huyo alikuwa ameng'ang'ania kuchanja peke yake, mlango kaurudishia, akisema baridi itawaumiza vifaranga.

Kwa wewe uliyetukuta njiani: mume wa Mama Tetea anaitwa Taratibu, na hakuitwa hivyo kwa utani. Wenye baiskeli humpita. Waenda kwa miguu humpita wakimsalimia. Lakini mwezi uliopita mtu huyo aliiingiza pikapu hii hii mtaroni, mchana kweupe, kwenye barabara iliyonyooka kama rula, bila hata kugusa breki. Paja likavunjika. Alichoweza kusema ni kwamba alilala.

Mtaa ukasema alilewa. Mama Tetea yeye alikuwa ameona pafyumu mpya ikining'inia kwenye kioo cha gari, yenye harufu tamu ya saluni ya wanawake, na moyoni akawa na lake.

"Na maboksi ya nyuma?" aliuliza Mwalimu.

"Yapi?"

"Yale uliyoyafunika turubai. Ulikuwa unaniomba radhi kwamba yameloa."

Kweli. Maboksi mengine hayakuenea ndani ya kebini, akayapakia nyuma, kwenye mvua na upepo, akijua fika kwamba hao ndio watakaokufa. Alikwenda akanyanyua turubai kwa woga.

Kelele zilizomlaki zilikuwa za soko zima. Vifaranga walikuwa wanalia, wanakanyagana, wanadonoana macho.

Mwalimu alisogea akatazama. "Chanjo ni ile ile?"

"Ile ile. Chupa moja."

"Basi wifi yako mwache. Hawa wa baridini wazima, waliokaa ndani penye joto wamekufa. Kilichowaua kimo humu." Akagonga mlango wa kebini kwa kidole. "Na wewe nikutazame. Macho yako mbona mekundu?"

Ndipo Mama Tetea alipoona kwamba kichwa kilikuwa kinampiga tangu barabara kuu, na kwamba alikuwa ameshusha kioo cha upande wake kwa sababu ya kichefuchefu.

"Nilidhani ni mawazo," alisema.

"Mawazo hayaui kuku. Shusha vioo vyote, nenda kwa fundi. Mvua ikikuingilia, ikuingilie."

Mama Tetea alikwenda.

*

Fundi alikuwa shemeji yake, mdogo wake Taratibu, ambaye mji mzima ulimwita Sikio. Huyu hakuwa na haraka ya kushika spana. Aliegemeza bisibisi ndefu kwenye injini, mpini akautia sikioni, akafumba macho, na baada ya hapo alikwambia ugonjwa. Mara nyingi alipatia.

Gereji yake ilikuwa imepakana na jengo la mashine ya kutotolea vifaranga. Ukuta mmoja tu uliwatenga. Sikio alikuwa ameliomba jengo lile muda mrefu apate mahali pa kunyooshea bodi za magari, na mama mkwe, mwenye kiwanja, alikuwa amekwisha kumjibu mbele ya wote: jengo ni la vifaranga mpaka yeye aingie kaburini.

"Shemeji, leo unaendesha kama umefungulia bomba la maji ndani ya gari," alisema Sikio, akitazama viti vilivyoloa.

"Kuna moshi unaingia ndani. Vifaranga wamekufa."

Sikio hakucheka tena. Aliingiza gari juu ya shimo, akashuka chini na tochi.

Akakaa huko. Mama Tetea akasikia anagonga kidogo, kisha hagongi.

"Umeona nini, shemeji?"

"Hakuna kitu."

"Mtu hatazami hakuna kitu muda wote huo."

Akakunja gauni, akashuka ngazi za shimo mwenyewe. Sikio alitaka kumzuia, akaghairi.

Siku waliponunua gari lile, muuzaji alimwonyesha Mama Tetea kitu kimoja chini yake kwa majivuno makubwa: chuma kinene kama sufuria ya harusini, kimekaa katikati ya bomba la moshi. Hili ni chujio, alimwambia. Moshi wa dizeli unaingia humu mweusi, unatoka hauna masizi. Leo mahali pa chujio palikuwa na kipande cha bomba tupu, kimefungwa kwa boliti huku na huku.

"Chujio liko wapi?"

Sikio alijifuta mikono na kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Nililitoa mimi," alisema. "Mumeo aliniagiza."

"Lini?"

"Kabla ya ajali. Gari lilikuwa linamsumbua, shemeji. Injini yenyewe ni imara, itazika mafundi wengi. Ila hili chujio linataka safari ndefu. Likishika masizi, injini inalipasha moto mpaka yaungue, ndiyo linajisafisha. Ninyi safari zenu ni za kupeleka maboksi hapo na hapo. Joto halifiki. Chujio linaziba, taa inawaka, injini inajipunguzia nguvu isijiue. Akifika mlimani gari linatambaa kama kobe. Alichoka."

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema usijue. Mimi ni mdogo wake, ningefanyaje?"

Pafyumu. Chujio. Mume wake alikuwa na vyumba vingapi asivyowahi kumfungulia?

Kisha tochi ikamwonyesha kitu kingine. Kwenye maungio ya kile kipande, boliti zilikuwa zimelegea, na juu yake masizi yalikuwa yamepaka sakafu ya gari alama nyeusi iliyotawanyika kama upepeo. Katikati ya alama ile palikuwa na tundu la mviringo.

Akaingiza kidole. Kilipita. Kikagusa zulia la ndani, pale pale yalipokuwa yamekaa maboksi ya vifaranga.

"Hili tundu la nini?"

"La kiwandani. Huwa limezibwa na kifuniko cha mpira."

"Kiko wapi?"

"Sijui."

"Kinaweza kuanguka chenyewe?"

Sikio akatikisa kichwa. "Kinang'olewa kutoka ndani, shemeji. Mtu ainue zulia, akishike, akivute."

Mvua ilizidi kupiga mabati. Mama Tetea akakitoa kidole tunduni.

"Nani?"

"Mimi simtaji mtu. Lakini gari hili limeguswa na watu wanne. Wewe, mumeo, mimi. Na aliyeliosha baada ya ajali. Aliinua mazulia yote akayaanika juani. Niliona kwa macho yangu."

Aliyeliosha alikuwa wifi.

"Ulipolitengeneza baada ya ajali hukuona chini?"

"Nilinyoosha bodi, nikabadilisha taa. Chini sikuingia. Na ningejuaje?"

Mama Tetea alipanda juu, akamkabidhi ufunguo. "Hili gari lisitoke hapa. Mtu yeyote asiliguse. Ufunguo kaa nao mfukoni."

"Hata ukija mwenyewe?"

"Hata nikija mwenyewe."

*

Alikwenda nyumbani kwa miguu, mwavuli haumfunikii kitu, akimpangia wifi yake mstari kwa mstari namna atakavyomvaa.

Alikuwa amefika kwenye kona ya duka la dawa alipogota. Mtu wa nyuma yake nusura amvae.

Wifi aliliosha gari baada ya ajali. Taratibu alilala usukani kabla. Kama tundu ndilo lililomlaza, basi tundu lilikuwa wazi gari lingali safi, wifi hajagusa hata ndoo.

Hilo halikutaka elimu. Sikio, mtu anayesikia ugonjwa wa injini kwa kuegemeza bisibisi, hakuliona?

Alitaka kugeuka arudi gereji. Kisha likaja wazo lingine likaliziba lile. Aliyeficha habari za chujio ni nani? Mume wake. Aliyeendesha gari siku zote, akawa na nafasi ya kuinua zulia saa yoyote aliyotaka? Mume wake. Lakini mtu anajitilia moshi mwenyewe? Labda hakuwa amejikusudia yeye. Kiti cha nyuma hukaa nani, kama si mkewe na maboksi yake?

Msomaji, shaka ikishamwingia mtu haichagui pa kulala. Mama Tetea alifika mlangoni akiwa amewashitaki watu watatu na hajamwachia huru hata mmoja.

Taratibu alikuwa amelala kwenye kitanda walichomwekea sebuleni, mguu umeinuliwa juu ya mito, redio inanong'ona. Alipomwona mkewe alivyoloa, alitaka kutabasamu.

"Chujio la gari," alisema Mama Tetea.

Tabasamu halikufika.

"Nani kakwambia?"

"Nimeshuka shimoni nikaona. Ulimwagiza mdogo wako alitoe, ukamwambia mimi nisijue."

"Mimi?" Taratibu alijiinua kwa viwiko, akakunja uso kwa maumivu. "Nilimwagiza mimi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mke wangu, mimi nilipeleka gari lisafishwe chujio. Sikio ndiye aliyeniambia halisafishiki. Nikamwambia basi tutafute jingine. Akasema hapana, wote wanaliondoa, gari litakuwa jepesi. Nilimkatalia. Nilipolifuata gari nikakuta ameshaliondoa."

"Na mimi?"

Taratibu alitazama pembeni. "Alisema nikikwambia utampigia kelele. Na ni kweli ungempigia. Nikasema tuwe na amani."

"Amani," alisema Mama Tetea, akaliacha neno hapo.

"Hapo nimekosa. Hapo tu."

Alivuta kiti, akakaa mbele yake ili amwone usoni. Lilikuwa limebaki moja, nalo lilikuwa limemkaa kooni tangu siku ya ajali. Leo angelitema.

"Na pafyumu?"

"Pafyumu gani?"

"Inayonuka saluni. Kwenye kioo cha gari. Ni ya nani?"

Taratibu alimtazama muda, akaanza kuelewa, na jambo la ajabu, akaona aibu kwa niaba yake. "Ndiyo maana umekuwa unanipa uji bila kunitazama? Ile aliitundika Sikio. Alisema gari likishatolewa chujio linanukanuka moshi, hiyo itaua harufu."

Mama Tetea karibu acheke. Wiki zote zile alikuwa amemtengeneza mwanamke mzima kichwani, ana nywele, ana viatu, ana mwendo. Kumbe hayupo.

Kicheko kilimkatikia njiani.

Itaua harufu. Ili mtu aliye ndani asiisikie.

"Siku ile," alisema polepole, "ulilala kweli?"

"Nimekuwa nikikwambia. Injini ilikuwa inaimba vizuri kuliko siku zote. Kichwa kizito. Nikawa naona barabara inakwenda mbali, mimi nimebaki. Nikajisemea, nifumbe macho mpaka kwenye ule mti." Akamgeukia mkewe. "Hukuniamini."

"Sikukuamini."

"Na sasa?"

Kabla hajajibu, pikipiki iliingia uani kwa kasi, ikazimwa. Mlango ukasukumwa. Alikuwa Sikio, maji yanamchuruzika kwenye kofia.

"Shemeji, gari limechukuliwa."

Mama Tetea alisimama. "Limechukuliwa na nani?"

"Dada. Nilikuwa nimetoka kwenda kutafuta gasketi ya kuzibia yale maungio. Kurudi, shimo tupu. Jirani kasema alikuwa na Mama. Nadhani anampeleka kliniki, kifua kimembana tena."

"Ufunguo nilikwambia ukae nao mfukoni."

"Niliuacha mezani. Nimesahau, shemeji. Binadamu."

Akili ya Mama Tetea ilikuwa imekwenda mbele yake. Wifi ameingia mwenyewe katika gari lile, na amempandisha mama yake mzazi. Mtu aliyetega mtego halali ndani yake. Wifi hakujua lolote. Na siku nzima alikuwa amemhukumu.

Mvua ilikuwa inamwagika. Nani angeshusha kioo katika mvua ile, ana mgonjwa wa kifua pembeni?

Alitoa simu, akapiga. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Weka spika," alisema Taratibu kutoka kitandani. Sauti yake ilikuwa imekauka.

Sikio alibaki mlangoni.

Simu ikapokelewa. Kwanza hapakuwa na sauti ya mtu, palikuwa na mngurumo tu, mlaini, wa injini isiyo na shida na mtu. Kisha ikaja sauti ya wifi, inajivuta.

"Wifi. Nilitaka kukupigia. Vifaranga wamefika salama?"

Mama Tetea alilipita swali hilo. "Wifi, uko wapi?"

"Nimepaki pembeni kidogo. Macho mazito sana leo. Sijui ni hii mvua."

"Mama yuko wapi?"

"Kalala. Kalala vizuri. Kikohozi kimenyamaza kabisa."

Taratibu alitoa mguno, akajaribu kushusha mguu chini, akashindwa.

"Wifi, nisikilize. Zima injini. Zima sasa hivi, fungua milango."

"Atapigwa na baridi. Nimemwashia hita."

"Zima. Gari lina sumu, wifi. Moshi unaingia ndani. Fungua mlango tu, nyoosha mkono ufungue mlango."

Injini ikaendelea kuimba. Mama Tetea aliita jina la udugu wao mara kadhaa, wifi, wifi yangu, mpaka sauti ile ikarudi, sasa ndogo zaidi, kama ya mtoto anayejibu akiwa usingizini.

"Fundi kasema halina neno."

"Fundi yupi?"

"Sikio. Si ndiye kanipigia nije nimchukue Mama, akanipa ufunguo mkononi. Kasema limetengemaa. Kasema nipandishe vioo, nipite njia ya huku machimboni, haina magari mengi."

Kikasikika kitu kikianguka, labda simu yenyewe, na baada ya hapo ulibaki mngurumo peke yake.

Mama Tetea aliinua uso. Likamjia neno la mama mkwe: jengo ni la vifaranga mpaka yeye aingie kaburini.

Sikio alikuwa bado pale pale mlangoni, ila sasa alisimama kama mtu anayeziba njia. Nyuma yake uani palikuwa na pikipiki, chombo pekee cha kumfikisha mtu machimboni kwa haraka, na funguo zake alikuwa amezifumba mkononi.

Kwa mkono wa pili, bila papara, aliurudishia mlango nyuma yake akaubana kwa komeo.